Bosi kanipa imeili 3,000, nianze kutuma?

SWALI: Dada shikamoo. Mi niko Moshi, nafanya hizi kazi za masoko ya mtandaoni, bado ndo naanza, na juzi nimepata mteja wangu wa kwanza wa maana, mzee mmoja ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ofisini wapo watatu na magari mawili basi. Anataka nimfanyie matangazo ya imeili ajaze safari za Juni. Kanipa imeili kama 3,000 ziko kwenye Excel, nyingine zimetoka kwenye fomu wanazojaza wageni, nyingine za watu waliouliza bei wakapotea, halafu kama 2,000 hivi aliuziwa na jamaa kwenye flashi. Nimesoma sehemu kwamba watu lazima wawe wamekubali kwanza kutumiwa, nikimwambia mzee ananijibu "wewe tuma tu, wasiotaka watazifuta." Nianzie wapi bila kumpoteza mteja?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hiyo flashi. Hizo 2,000 usiziguse, wala usijidanganye eti "ngoja nijaribu na mia tu nione," kwa sababu humo ndani kuna imeili zilizokufa siku nyingi, kuna nyingine zimewekwa makusudi ziwanase wanaotuma hovyo, na hao walio hai hawamjui mzee wala hawajawahi kuota mlima. Google wanataka malalamiko ya spamu, yaani watu kubonyeza kwamba imeili yako ni takataka, yasifike 0.3%, yaani kwenye kila imeili 1,000 wakilalamika watu 3 tu umeshaharibu, na kinachochafuka ni jina la kampuni ya mzee, we unaweza kwenda zako. Mwambie hivi: siku mgeni wa kweli akiomba bei, mzee akamjibu vizuri kabisa, jibu linaenda kulala kwenye spamu, mgeni anaona kimya anahamia ofisi ya jirani. Hapo atakusikiliza kuliko ukimsomea sheria.

Ila sheria nayo ipo, usiiruke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na ilianza kutumika 1 Mei 2023, ina Tume yake, na kampuni inayokusanya taarifa za watu inatakiwa isajiliwe huko, kwa hiyo muulize mzee kwa heshima kama alishafanya. Halafu kama ana wageni wa Ujerumani, Uholanzi na huko huko, Umoja wa Ulaya wana yao, GDPR, tangu Mei 2018, na inamhusu hata aliyekaa Moshi ilimradi anawauzia huduma watu walioko kule. Mjerumani hasa kazoea akijiandikisha mahali anatumiwa kwanza imeili ya kuthibitisha, asipoibonyeza haingizwi. Fanya hivyo kwa kila atakayejiandikisha, listi itakuwa fupi lakini ya watu wa kweli.

Sasa hao wa kwenye fomu. Jiulize fomu ile walijaza kwa ajili gani, pasipoti, bima, chakula gani kinamdhuru, apigiwe nani akizidiwa huko juu. Mtu kaandika imeili yake kwa mambo hayo, hajasema nitumieni ofa. Na usidhani ujanja ni kuwatumia wote kwa mkupuo imeili ya kuuliza "mnataka tuwe tunawaandikia?" maana hata hiyo inahesabika tangazo. Uingereza mwaka 2017 shirika la ndege la Flybe lilipigwa faini ya pauni 70,000 kwa kutuma imeili zaidi ya milioni 3 za kuwauliza watu kama taarifa zao ziko sawa, kumbe walikuwa ni watu walioshasema hawataki matangazo. Mi ningefanya hivi, mzee mwenyewe akae chini awaandikie mmoja mmoja wale anaowakumbuka, barua ya kawaida ya salamu, habari za tangu mshuke, na mwishoni linki ya kujiandikisha kwa anayependa. Akiwaandikia 40 wakajiandikisha 15 si haba. Waliouliza bei miezi ya karibuni wajibuni palepale kwenye mazungumzo yao, wao ndo waliyaanza. Wa miaka ya nyuma waacheni.

Penye mali hasa ni jioni ile wageni wameshuka. Unaijua we mwenyewe, wameoga, wagumu, yaani wapagazi, wameshaimba, vyeti viko mkononi, mtu yuko na bia yake na raha zake. Hapo ndo wa kumuuliza tukutumie habari zetu mara moja kwa mwezi? Mpe simu ajaze mwenyewe, kiboksi kisiwe kimetikiwa tayari, na picha zake apewe hata akikataa, usizifanye chambo. Najua utasema huyo kashapanda, hapandi tena. Kweli, wengi hawarudi mlimani, ila ana shemeji, ana wenzake kazini, na yeye mwenyewe anaweza kurudi kwa ajili ya mbuga au Zanzibar, kwa hiyo mwandikie kama mtu anayeujua mlima, kitu cha kumpasia mwenzie.

Ambao hawajapanda wavute kwenye websaiti kwa kitu cha kuwasaidia, mfano orodha ya vitu vya kubeba njia ya Machame siku 7, kipi aje nacho na kipi akodi hapo Moshi. Aprili mvua zimekolea, waambie ukweli kuwa ni mvua, na kwamba njia ya Rongai, kwa kuwa iko upande wa kaskazini, huwa kavu kidogo. Mtu anasoma hivyo anakuamini.

Ya kiufundi kwa kifupi. Usitumie ile ya mzee ya gmail kutumia matangazo, nunua domeni, yaani jina la kampuni la mtandaoni, ya .co.tz inatosha, na fundi akuwekee SPF, DKIM na DMARC, mipangilio inayothibitisha kwamba imeili kweli imetoka kwenu, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza sana hapo. Tumia programu ya kutumia imeili nyingi kama Mailchimp au Brevo, na kila imeili iwe na kitufe cha kujitoa kinachoonekana na anwani ya ofisi.

Juni muondoe mzee matumaini mapema. Wageni wa mlima wanapanga miezi mingi kabla, listi unayoanza leo itakuja kuonekana kwenye safari za Januari na Februari, mwambie kabla hamjakubaliana bei. Na hiyo bei yako usikubali ipangwe kwa idadi ya imeili ulizotuma, dai kwa kazi ya kuanzisha halafu kiasi kidogo kila mwezi, la sivyo mwezi mambo yakikaza utajikuta unaitazama ile flashi kwa jicho lingine.