Damu ikikatika, usidhani umepona

Wanaochelewa kwenda hospitali wakiwa na dalili za saratani ya utumbo mpana si wajinga. Mjomba wangu wa Tanga ni mwalimu mstaafu, magazeti hayampiti, na bado alikaa na damu kwenye choo karibu mwaka mzima. Nilipokuwa namuuguza niliwasikiliza wagonjwa wenzake kwenye mabenchi, na simulizi ni zilezile: damu ilitoka, akaambiwa ni bawasiri, akapata dawa, damu ikakatika.

Hapo ndipo penye mtego. Uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana si lazima utoe damu kila siku. Unaweza kutoa, ukatulia wiki kadhaa, ukatoa tena. Basi dawa yoyote utakayokunywa siku hizo, iwe ya miti shamba, ya dukani au habbat soda na asali, itapata sifa isiyo yake. Dirishani kwa mjomba zilipangwa chupa za plastiki zenye dawa nyeusi, kila moja imeletwa na mtu anayempenda, anayeapa kwamba yeye ilimponya. Huenda kweli, maana bawasiri ipo na inawapata wengi. Lakini mtu anaweza kuwa nayo pamoja na saratani, na kwa kutazama damu tu hakuna awezaye kujua.

Wengine hawaoni damu. Choo kinabadilika, mara kigumu mara laini, tumbo linasokota, uzito unashuka. Wanapewa dawa ya amiba, kisha ya minyoo, kisha ya taifodi, na miezi inakwenda.

Halafu kuna aibu. Mjomba aliniambia wazi, “Mtu mzima kama mimi niende nikainamishwe?” Kwa kweli kipimo cha kidole kwenye njia ya haja kubwa hakimalizi hata dakika mbili. Unalala ubavu, unakunja magoti, daktari anavaa glavu na kupaka jeli. Dada, una haki ya kuomba daktari wa kike, au nesi awepo chumbani.

Kilichomtisha zaidi ni mfuko wa kupokea choo, unaobandikwa tumboni baada ya upasuaji. Si kila anayepasuliwa huwekewa, na kwa wengine ni wa muda tu. Yeye aliwekewa. Swali lake la kwanza lilikuwa la udhu, nalo shehe alimjibu: mwenye udhuru atatawadha kila wakati wa sala unapoingia, kisha ataswali. Ijumaa anakwenda msikitini na kanzu yake, na wa safu yake hawajui kitu.

Ukifika kwa daktari usiishie kusema “tumbo linanisumbua.” Sema: natoa damu kwenye choo, tangu lini, rangi gani, imechanganyika na choo au inadondoka baadaye. Kama ulishatumia dawa na damu ikarudi, usipokee nyingine kabla hujapimwa. Mwanamume, au mama aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu asitosheke na vidonge vya kuongeza damu. Aulize damu inapotelea wapi. Uliza pia kuhusu kolonoskopi, kipimo cha kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo mpana, kinachofanyika hospitali kubwa kama Muhimbili. Kibaya chake ni ile dawa ya kusafisha utumbo, utashinda chooni. Faida yake ni kwamba vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, ambavyo kwa kawaida huchukua miaka mingi kugeuka saratani, mara nyingi huondolewa palepale.

Na usijifariji kwa ujana. Mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 2016 akiwa hajafika miaka 40, na akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 43.

Kama anayeumwa ni mzazi wako na kila ukigusia anabadilisha mazungumzo, mtafute wa rika lake. Sisi watoto tulimbembeleza mjomba hatukufua dafu. Alikubali siku mzee mwenzake wa barazani, aliyewahi kupimwa kwa kamera, alipomweleza kila hatua bila kuficha. Mwombe mzee kama huyo, na akiweza afuatane naye mpaka mlangoni kwa daktari.