Masanduku mangapi? Kuomba ruzuku ya sanaa ukiwa Zanzibar

Ombi langu la kwanza la ruzuku lilikuwa na kurasa tisa, na neno "utamaduni" lilikuwemo karibu katika kila aya. Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kidumbak, muziki wetu wa ngoma ndogo, fidla na sanduku, hapa mtaa wa Ng'ambo mjini Zanzibar, na tulitaka fedha za kuwafundisha vijana kutengeneza na kupiga sanduku. Nikaandika kuenzi, kudumisha, kurithisha. Miezi minne baadaye likaja jibu la mistari mitatu: mradi haukueleweka utafanya nini.

Niliumia. Nikachukua andiko lile nikaenda kumsomea mzee wetu anayetengeneza masanduku, pale barazani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, masanduku mangapi?"

Sikuwa na jibu.

Kwa asiyelijua, sanduku ndilo besi ya kidumbak. Ni boksi la mbao lililofudikizwa, likatiwa mti na kamba moja. Mpigaji akiuvuta mti kamba hukaza na sauti hupanda, akiulegeza hushuka. Zamani wazee walitumia masanduku ya chai yaliyokuja na meli. Siku hizi chai husafirishwa kwenye mifuko ya karatasi, kwa hiyo plaiwudi inunuliwe, ikatwe, igundishwe. Mzee akaagiza daftari la skuli la mjukuu wake, tukaanza: plaiwudi kiasi gani kwa sanduku moja, gundi, misumari, kamba, ngozi za mbuzi za kuwambia vidumbak, yaani zile ngoma ndogo, fundi siku ngapi, mpiga fidla atakuja mara ngapi na nauli yake nani atalipa. Ilipoadhiniwa alasiri nilikuwa na ukurasa mmoja: vijana 12, masanduku manne, vidumbak jozi nne, wiki kumi, na onyesho moja la mwisho mtaani kwetu. Mradi wote ulikuwa humo.

Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia aanze na bajeti, maelezo yafuate. Kaa na watu watakaofanya kazi yenyewe, hesabuni kitu kimoja kimoja, halafu maneno yatoke kwenye ile hesabu. Anayepitia maombi huisoma bajeti kwa makini kuliko unavyodhani. Akiona umetaja mafunzo lakini hakuna posho ya mwalimu, au umeweka fedha za usafiri na hakuna safari iliyotajwa, anajua kwamba hujakifikiria unachokiomba. Na usizidishe bei ukitarajia kupunguziwa. Omba bei iliyoandikwa kutoka maduka mawili au matatu, uziambatanishe.

Kuhusu mlango wa kugonga: utamaduni si jambo la Muungano. Huku tuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU. Bara wana BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ukiona tangazo kutoka Dar es Salaam limeandikwa "kwa wasanii wa Tanzania", uliza kwa maandishi kama usajili wa Zanzibar unakubalika kabla hujapoteza wiki tatu kuandika. Soma pia kama fedha hizo ni ruzuku au ni mkopo. Mkopo utaulipa hata kama onyesho limeharibika kwa mvua.

Nje ya nchi kuna mfuko wa UNESCO unaotokana na Mkataba wa 2005 wa kulinda na kukuza uanuwai wa kujieleza kiutamaduni. Kiwango chake cha juu ni dola 100,000, lakini mtu binafsi haombi. Huomba taasisi za umma na jumuiya zisizo za kiserikali. Haulipi madeni, na haufadhili mradi ambao kazi yake ni kuzalisha sanaa peke yake. Kwa hiyo kurekodi albamu hakutoshi. Mafunzo yanayowapa vijana kipato, hilo linazungumzika. Maombi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mimi nashauri uandike kwanza kwa Kiswahili, wenzako wote wakosoe, ndipo mfasiri aingie. Kikundi kisichoelewa andiko lake hakiwezi kulitekeleza.

Jambo ambalo aliye mbali hatalijua usipomwambia ni kalenda yetu. Mwezi wa Ramadhani ngoma hazipigwi, na Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mradi wa miaka miwili utakutana nayo mara mbili kwa tarehe tofauti. Masika nayo, kuanzia Machi hadi Mei, usipange onyesho la uwanjani. Sisi tuliuonyesha wazi mwezi wa Ramadhani kwenye ratiba, tukaandika kwamba ni mwezi wa kufunga hesabu na kuandaa ripoti, na sababu yake. Ombi hilo la pili lilikubaliwa.

Halafu fedha zikakwama benki. Akaunti ya kikundi ilikuwa na watia saini watatu, wote lazima, na mmoja wao alikuwa amekwenda Maskati kwa nduguze. Karibu miezi miwili vijana walikuja kila Jumamosi kuuliza wanaanza lini, na wawili wakachoka wakaondoka. Sijasahau nyuso zao. Rekebisheni mapema: watia saini watatu, wawili wanatosha kutoa. Na barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, katiba ya kikundi na cheti cha usajili vikae pamoja kwenye faili moja, nakala zikiwa tayari, kwa sababu tangazo likitoka siku ni chache.

Kuhusu risiti, mafundi wetu wengi hawana. Nilinunua kitabu cha hati za malipo, na kila malipo niliandika tarehe, kazi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, jina na namba ya simu, kisha mtu akaweka saini papo hapo, kabla fedha hazijaingia mfukoni. Mzee hati yake ya kwanza aliisoma mara mbili. Pale palipoandikwa "kazi" nilikuwa nimejaza "fundi". Akanirudishia kalamu, akaniambia niongeze: "wa masanduku manne".