Kompyuta hujuaje kwamba kemikali itaharibu vinasaba?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa famasia. Tumeelezwa darasani kwamba siku hizi programu ya kompyuta yaweza kubashiri kama kemikali itaharibu vinasaba hata kabla haijapimwa maabara. Naomba kufahamishwa hujuaje, na kama jibu lake laweza kuaminiwa katika dawa za binadamu.

JIBU: Ndugu msomaji, programu hizo hazijui lolote ila lile ambalo maabara imekwisha kulijua. Tangu miaka ya 1970 kemikali nyingi mno zimepimwa kwa njia aliyoibuni Bruce Ames huko California, ambamo bakteria wa salmonela, walioharibiwa jeni hata wasiweze kujitengenezea histidini, yaani kijenzi cha protini wasichoweza kukua bila hicho, huchanganywa na kemikali; wakistawi tena kwa wingi usio wa kawaida pasipo kupewa histidini ya kutosha, hiyo ni dalili kwamba vinasaba vyao vimebadilishwa. Kutokana na matokeo hayo, baadhi ya programu hufuata kanuni zilizoandikwa na wataalamu na kutafuta katika molekuli vipande vinavyojulikana kwa madhara, kama epoksidi (pete ndogo ya atomu moja ya oksijeni na mbili za kaboni) au kundi la nitroso (nitrojeni iliyoungana na oksijeni), ilhali nyingine hukokotoa uhusiano wa kitakwimu kati ya umbo la molekuli na matokeo ya vipimo. Mwongozo wa kimataifa wa M7 wa mwaka 2014, unaohusu uchafu unaobaki ndani ya dawa, unataka aina zote mbili zitumike pamoja, nami naona ni sawa kabisa, kwa kuwa kosa la moja huweza kuonekana na nyingine.

Kuhusu kuaminika, fikiria sumukuvu ya mahindi yetu. Haivishiki vinasaba ikiwa katika hali ile tunayoila. Ini ndilo linaloigeuza kuwa epoksidi inayoving'ang'ania. Ndiyo maana maabara huongeza dondoo la ini la panya katika kipimo, na programu isiyofundishwa mageuzi hayo yaweza kuipitisha molekuli ya namna hiyo kana kwamba ni salama.

Tena, mwaka 2018 matoleo mengi ya dawa ya shinikizo la damu iitwayo valsartan yaliondolewa sokoni katika nchi nyingi baada ya kukutwa na nitrosamini, kemikali yenye lile kundi la nitroso. Programu ingeitambua nitrosamini mara moja, lakini kemikali hiyo ilizaliwa kiwandani baada ya utaratibu wa utengenezaji kubadilishwa, na hakuna aliyeitarajia hata akaiulizia. Kwa hiyo, kabla ya kulipokea jibu la kompyuta, uliza kwanza ni molekuli zipi zilizoingizwa, na kama programu imewahi kufundishwa kwa zinazofanana nazo. Isipokuwa hivyo, taka kipimo cha bakteria kifanywe.