Mashtaka matatu kwa kompyuta moja: anzeni na maneno ya hati

Mkuu, pole sana. Umeuliza mambo mawili: kwa nini mdogo wako, aliyekutwa na kompyuta aliyoinunua mkononi kwa mtu, ameandikiwa makosa matatu (kuvunja nyumba, kuiba, na kupatikana na mali ya wizi), na kama ni kweli kwamba akikiri atatoka haraka. Mimi si wakili. Nilipanda kizimbani kwa miezi 11 kwa kesi ya wizi kazini, nikaachiwa huru, na mengine haya nilijifunzia mahabusu bila mkanda wala kamba za viatu.

Nianze na hilo la pili. Asikiri kosa ambalo hakulifanya. Kukiri mahakamani si kuomba radhi. Ukisema "ni kweli", mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, ukiyakubali umetiwa hatiani hapo hapo. Hakuna shahidi atakayeitwa, hakuna atakayeulizwa swali, na hiyo rekodi utatembea nayo kila utakapoomba kazi. Anayemshawishi huenda hata hamdanganyi kuhusu muda, maana kesi ya mtu aliyekiri huisha upesi. Ila hamwambii inaishaje. Na akisimama aseme "ni kweli nilikuwa nayo, ila sikujua ni ya wizi", hapo hajakiri; hakimu makini ataandika kwamba amekana.

Sasa hati ya mashtaka. Ya kwangu nilikaa nayo mfukoni wiki tatu, naona aibu hata kuikunjua. Wakili ndiye aliyeichukua, akatoa penseli, akaanza kuikata vipande: nilikuwa mwajiriwa, mali ilikuwa ya mwajiri, mali ilipungua, na mimi ndiye niliyeiiba. Kila kipande akaniuliza, "Hiki unakipinga?" Vitatu vya mwanzo sikuwa na sababu ya kuvipinga. Tukabaki na cha mwisho, na funguo za stoo tulikuwa nazo watu watatu. Basi kesi nzima ikawa funguo. Kila shahidi aliyepanda aliulizwa habari za funguo, hadi mmoja wao, shahidi wa mashtaka huyo, akasema kwa kinywa chake kwamba zilikuwa zinaachwa kwenye droo isiyofungwa. Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi wao, hakimu aliona sina kesi ya kujibu. Sikutoa hata neno la utetezi.

Mfanyie mdogo wako hivyo hivyo. Kuvunja: wana mtu aliyemwona pale, au alama za vidole? Kuiba: nani kasema yeye ndiye aliyechukua? Hilo la tatu ndilo zito, kwa sababu kompyuta kweli alikutwa nayo. Lakini kwa kawaida kosa hilo halikamiliki kwa kushika tu. Lazima alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Kwa hiyo vita yenu iko kwenye *kujua*. Bei aliyolipa ilikuwa ya kawaida au ya kutupa? Walikutana mchana mahali pa wazi au uchochoroni usiku? Mahakama pia itataka maelezo yanayoingia akilini, hasa kama wizi ulitokea siku chache tu kabla hajakamatwa. Kuhusu wingi wa makosa, mara nyingi la kupatikana na mali huwekwa kama mbadala wa wizi: wakishindwa lile, wajaribu hili. Angalieni kama hati imeandika hivyo. Makosa matatu hayana maana ya vifungo vitatu. Na msifurahie sana mkiona jina limekosewa herufi au tarehe imepishana siku moja. Hati hurekebishwa, kesi ikaendelea.

Neno moja huweza kubeba uhai wa mtu. Mwaka 1935 huko Uingereza kijana Reginald Woolmington alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kumpiga mkewe risasi. Yeye alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba ni juu ya mshtakiwa kuonyesha haikuwa makusudi. Rufaa ilipofika kwa majaji wa juu kabisa, walisema hapana: makusudi ni sehemu ya shtaka, na anayeshtaki ndiye anayeithibitisha. Akaachiwa. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zinaifuata kanuni hiyo mpaka leo.

Kilichonitesha mimi zaidi ya hati ni maelezo niliyoandikiwa polisi. Nilisema "nilikuja kujua mzigo umepungua". Afisa akaandika "nilijua mzigo umepungua". Nimechoka, nina njaa, nikasaini bila kusoma. Ilichukua kikao kizima kulieleza neno hilo. Kama mdogo wako bado anaitwa kuhojiwa, asome kila mstari, kisichokuwa chake akikatae kabla ya saini, na ana haki ya kusema atasubiri wakili. Ila sheria za kukaa kimya hazifanani. Uingereza, tangu sheria ya 1994, ukinyamaza polisi kisha ukaibuka na hoja mpya mahakamani, mahakama inaruhusiwa kukutilia shaka. Marekani nako, ile kesi ya Miranda ya 1966, inayotaka polisi wakusomee haki zako kabla ya kukuhoji kizuizini, haisemi kwamba usiposomewa kesi inakufa, kama sinema zinavyotuaminisha. Kinachotupwa ni yale uliyoyasema ukihojiwa kizuizini.

Zipo haki ambazo nchi nyingi zimejifunga nazo kupitia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Ibara ya 14 inasema mshtakiwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa, awahoji mashahidi wanaomshtaki, apate mkalimani bure akihitaji, na asilazimishwe kujishuhudia. Wakili wa kulipiwa hutolewa pale haki inapodai hivyo na mshtakiwa hana uwezo, kwa hiyo aombe mwenyewe, siku ya kwanza, kwa sauti. Ibara ya 9 nayo inasema kumweka mtu rumande akisubiri kesi kusiwe ndiyo kawaida. Akinyimwa dhamana, aulize sababu na aombe ziandikwe.

Leo hii, kabla hujalala, mwambie aandike kila anachokumbuka kuhusu muuzaji: alimpataje, saa ngapi, nani alikuwepo, alilipa kwa njia gani. Karatasi hiyo aipeleke kwa wakili tu. Meseji zao asizifute, hata zile zenye matusi. Na mdogo wako asimpigie simu huyo muuzaji.