Kukinga gari linalolala nje na mvua ya mawe: turubai peke yake halitoshi

Mkuu, umeuliza kama turubai zito linatosha kukinga gari linalolala nje mvua ya mawe ikija, na kama halitoshi, mtu asiye na banda afanyeje. Turubai peke yake halitoshi. Litazuia maji na vumbi, basi. Jiwe likitua kwenye turubai lililolala juu ya boneti, bati linapata pigo lilelile kana kwamba hakuna kitu hapo katikati.

Bati la bodi kwa magari mengi madogo lina unene wa milimita 0.6 hadi 0.8. Linabonyea kwa sababu jiwe linasimama ghafla, na linasimama kwenye eneo dogo. Kwa hiyo kinga yoyote ya kweli inafanya moja kati ya kazi mbili: kulipatia jiwe nafasi ya kupunguza mwendo kabla ya kufika kwenye bati, au kulitawanya pigo lienee kwenye eneo kubwa. Ikifanya zote mbili ni bora zaidi. Turubai, nailoni, na yale makava membamba yenye kitambaa laini cha milimita 3 ndani hayafanyi hata moja, hata kama kwenye pakiti yameandikwa kuwa yanazuia mawe.

Ukubwa wa jiwe ndio unaoamua mambo. Lenye kipenyo cha sentimita 2.5 lina gramu 7 hivi na huanguka kwa mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa. La sentimita 5 lina karibu gramu 60 na linazidi kilomita 70. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara 8, na nguvu ya pigo mara 16 au zaidi. Kinga ya kutengeneza mwenyewe ipigie hesabu ya mawe ya sentimita 2 hadi 4. Yakiwa makubwa kuliko yai la kuku utapunguza hasara tu, hutaiondoa.

Kama una sehemu yako ya kudumu ya kuegesha, usihangaike na makava. Jenga fremu uweke wavu wa kuzuia mvua ya mawe, ule wanaofunika nao miti ya matunda: wavu wa plastiki uliofumwa, wenye matundu ya milimita 6 hadi 10. Vijiwe vinavyopenya hapo ni vidogo mno, havibonyezi bati. Uzuri wake dhidi ya paa la mabati au turubai ni kwamba upepo unapita, kwa hiyo fremu hainyanyuliwi kirahisi. Kwa gari la kawaida tenga eneo la mita 6 kwa 3, nguzo 6 za bomba la chuma la milimita 50, zichimbiwe sentimita 70 na kumwagiwa zege. Upande wa chini wavu uwe na kimo cha mita 2.2 kutoka ardhini, upande wa juu mita 2.8. Kati ya wavu na paa la gari ibaki angalau nusu mita, maana wavu unabonyea ukipigwa, na ukigusa gari kazi yake imeishia hapo.

Wengi wanakosea kwenye mteremko. Wavu ukiwa tambarare, mawe yanarundikana. Tabaka la sentimita 5 tu la mawe ya barafu lina uzito wa kilo 27 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwenye mita 18 za mraba hizo ni karibu kilo 490 zinazoning'inia juu ya gari lako. Fremu inaanguka, na gari linaumizwa na kinga yenyewe. Mteremko wa sentimita 60 kwenye upana wa mita 3 unasaidia mawe yateremke, lakini bado kaza waya chini ya wavu kila baada ya mita moja ili usifanye tumbo. Upande unakotokea upepo, wavu uteremke hadi kama mita moja kutoka ardhini. Mvua ya mawe haiji wima. Inasukumwa na upepo, na milango na vioo vya pembeni hupigwa sana upande mmoja wakati upande wa pili hauna hata alama. Kila mwaka vuta nyuzi chache kwa vidole: zikikatika kirahisi, jua limeshaumaliza wavu.

Kuhusu paa la mabati, linafanya kazi vizuri, ila lifungwe kwa skrubu na nguzo zishikwe na zege, kwa sababu dhoruba inayoleta mawe inaleta na upepo. Zile karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga zikizeeka juani zinakuwa kavu na kutoboka.

Sasa tuje kwa wasio na sehemu ya kudumu, ambao ndio wengi. Hapa unahitaji kava la sponji, na kigezo chake cha kwanza ni dakika. Kava zuri linalohitaji robo saa kufungwa halina maana. Onyo likishatoka au ngurumo zikishakaribia, hesabu kuwa una dakika 5, tena ukiwa peke yako kwenye upepo. Ndiyo maana usishone kava moja kubwa. Kava moja ni tanga la jahazi. Upepo ukiingia chini yake utalikimbiza. Tengeneza vipande vitatu: boneti pamoja na kioo cha mbele, paa, kisha kioo cha nyuma pamoja na buti.

Kila kipande kina tabaka nne. Chini kabisa, kitambaa laini cha pamba kinachogusa rangi. Juu yake sponji ya milimita 20 yenye matundu yaliyoziba, isiyonyonya maji. Mikeka ya mazoezi au ile ya watoto ya kuunganisha vipandevipande inafaa. Juu ya sponji, karatasi ngumu ya plastiki yenye mifereji ndani, ya milimita 4, ile inayotumika kutengenezea mabango. Nje, turubai la kushikilia vyote. Hiyo karatasi ngumu watu wengi wanaisahau, na ndiyo inayotawanya pigo. Bila yake jiwe linachimba sponji sehemu moja mpaka linafika chini. Ikate vipande vyenye upana wa sentimita 20 na kila kimoja kipate mfuko wake ndani ya turubai, ili kava lijikunje kufuata umbo la boneti na uweze kulikunja kulihifadhi. Sponji nayo iingize mifukoni, usiitoboe kwa kuishona, kwa sababu kila tundu la sindano linaingiza maji.

Usitumie sponji ya godoro. Mvua kubwa mara nyingi hutangulia mawe, na sponji iliyokunywa maji inakuwa nzito kuliko unavyoweza kuinyanyua, tena haibonyei inavyotakiwa kwa sababu matundu yamejaa. Maboksi yana tatizo hilohilo: makavu yanasaidia, yakilowa ni uji. Na kama utagandisha chochote kwa gundi, jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, maana gundi nyingine zinayeyusha sponji.

Kwa gari dogo la milango minne utahitaji karibu mita 9 za mraba za kila tabaka, lakini pima la kwako. Mikeka ya aina niliyotaja ina uzito wa kilo 2 hivi kwa mita ya mraba ikiwa na milimita 20, hivyo ukijumlisha na tabaka nyingine kila kipande kitafika kama kilo 10. Mtu mmoja anakiweza. Kingo za boneti, paa na buti zifunikwe zipitilize kwa sentimita 10. Usibane hapo kuokoa kitambaa: kibonyeo cha katikati ya paa fundi mzuri anakisukuma kwa ndani bila kugusa rangi, lakini cha kwenye ukingo au kwenye mkunjo wa bodi kinamshinda, na hapo ndipo unapoambiwa habari za kupiga rangi upya. Boneti ya aluminiamu ni ngumu zaidi kunyoosha. Sumaku isiposhika, ujue ndiyo unayo.

Kufunga kuna ujanja wake. Kipande cha paa kiwe na mikanda miwili inayopita ndani ya gari: fungua milango, pitisha mkanda chini ya dari, ufunge, kisha funga milango. Mkanda unaweza kuingiza maji kidogo, kwa hiyo weka tambara pale unapopita mlangoni. Kipande cha mbele kifunge kwenye matundu ya rimu za mbele, na kona zake za juu zibanwe na milango ya mbele. Cha nyuma vivyo hivyo kwenye rimu za nyuma, na ulimi wa kitambaa ubanwe na mfuniko wa buti. Usipitishe mkanda karibu na ekzosi kama gari limetoka kutembea. Sumaku achana nazo: zinakusanya vumbi la chuma na kukwaruza rangi. Ukishafunga, funga kitambaa chekundu kwenye usukani. Mkanda uliosahaulika kwenye rimu utang'oa kava, na unaweza kuondoka na mrija wa breki.

Ukifunika gari lenye vumbi, mchanga unakuwa msasa mara upepo unapolitikisa kava. Pitisha brashi laini au maji kama muda upo. Kama haupo, funika tu. Mikwaruzo inang'arishika, kioo kilichopasuka haking'arishiki. Mvua ikikata, litoe kava siku hiyohiyo ukalianike. Likiachwa limelowa juani, unyevu unaingia chini ya rangi na kuacha malengelenge.

Kuna makava ya kujazwa hewa kwa feni ya volti 12. Yanatoa kinga nzuri kwa sababu jiwe linapata nafasi kubwa ya kupunguza mwendo. Udhaifu wake ni kwamba yote yanategemea feni na muda wa kujaa. Ukinunua, lijaribu siku ya upepo na upime dakika.

Ukikutwa huna kitu, anza na vioo. Cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, kwa hiyo hupasuka bila kumwagika. Cha nyuma, na mara nyingi vya pembeni na cha paani, kikivunjika kinakuwa punje ndogondogo zote kwa pamoja, na maji yanaingia kwenye viti na nyaya. Blanketi lililokunjwa mara nne lianzie kioo cha paani kama unacho, kisha cha nyuma, pembe zake zikibanwa na milango. Kapeti za gari ziende kioo cha mbele, upande wa manyoya ukiwa chini. Mawe yakishaanza, usitoke kufunika. Gari linanyooshwa, kichwa hapana.

Kama gari linawaka na unaweza kulisogeza kabla ya dhoruba, liweke ubavuni mwa jengo, upande ambao upepo hautokei. Upepo ukiwa na kasi sawa na ya jiwe kuanguka, mawe yanakuja kwa mshazari wa nyuzi 45, na ukuta wa mita 3 unaacha kivuli cha mita 3. Chini ya mti usiende, matawi yanabonyeza zaidi ya mawe. Ukiwa barabarani, punguza mwendo, kwa sababu mwendo wako unajumlishwa na wa jiwe kwenye kioo cha mbele. Toka barabarani kabisa usimame, pua ya gari ikitazama upande mawe yanakotokea, ili yapokelewe na kile kioo chenye utando. Kusimama katikati ya njia chini ya daraja ni kuomba kugongwa kwa nyuma.

Na zile video za kupasha kibonyeo kwa moto wa draya kisha kukipuliza baridi, ziache. Bati lililokwisha kuvutika halirudi kwa joto la draya, na rangi inaweza kupasuka. Piga picha gari likiwa bado na maji na mawe yakionekana pembeni, weka rula karibu na jiwe moja, ndipo uzungumze na watu wa bima kama una bima kubwa. Bima ndogo hailipi haya.