Wadogo zangu mnaoanza masta na PhD, kabla hujatuma makala uliza nani analipa

Naona wengi mnaambiwa tu chapisha kwenye jarida la wazi mtandaoni, mnaachiwa hapo hapo. Mimi naunga mkono kabisa, maana daktari wa hospitali ya wilaya hana akaunti ya maktaba yoyote kubwa, akikuta makala imefungwa anaambiwa alipe dola 30 na kitu anaachana nayo, na huenda utafiti wenyewe umefanyika kwa wagonjwa wake. Ikiwa wazi anaifungua kwenye simu, anasoma.

Lakini msomaji akisoma bure ujue kuna mtu kalipa, na mara nyingi ni wewe mwandishi. Ada ya dola 2,000 au 3,000 ni kawaida kwa majarida makubwa, wenye jarida maarufu la sayansi la Nature mwaka 2020 walitangaza euro 9,500 kwa makala moja! Hela hiyo mwanafunzi anaitoa wapi? Kwa hiyo omba msamaha wa ada mapema, wakati unatuma au kabla, ukisubiri mpaka makala ikubaliwe wengi hawakusikilizi tena. Wachapishaji wengi wakubwa wanaangalia nchi yako iko kundi gani, za kipato cha chini kabisa husamehewa yote na zinazofuata hupunguziwa nusu hivi, ila mara nyingi ni kwa majarida yaliyo wazi moja kwa moja, yale ya nusu wazi nusu kulipia hayamo.

Pia kuna njia ya bure ambayo watu hawaitumii. Majarida mengi yanakuruhusu uweke nakala yako iliyokubaliwa, ile ya Word kabla hawajaipanga kurasa, kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo chako, mengine mpaka ipite miezi 6 au 12. Soma mkataba wa haki miliki kabla ya kusaini. Na ukiingia DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi, unaweza kuchuja upate majarida yasiyotoza ada kabisa, yapo mengi tu.

Sasa hapa muwe makini sana. Ukishatokea kwenye kongamano moja tu imeili za majarida ya kitapeli zinaanza, unaitwa profesa mtukufu wakati hata pendekezo la utafiti hujalitetea, wewe ni wa kilimo jarida ni la meno, wanaahidi kuchapisha ndani ya wiki moja na habari ya ada hawaisemi mpaka ushatuma. Hao hawana wahakiki, wanataka hela. Wengine ukitaka kuitoa makala wanakudai ada ya kuiondoa, na ikishatoka kwao jarida la maana haliipokei tena, data ulizohangaika nazo vijijini ndo basi. Chukua ISSN yao, ile namba ya utambulisho wa jarida, uitafute DOAJ au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, halafu linganisha na anwani ya tovuti maana kuna wanaoiga jina la jarida halali herufi kwa herufi. Usipoelewa mpelekee mkutubi wa chuo hiyo imeili kabla hujajibu.