Maswali Yenu: Mbona seli zangu za misuli haziungani?

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili na ninakuza seli za C2C12, yaani seli changa za misuli ya panya. Kila Ijumaa huziacha zikiwa zimejaza nusu ya sahani, Jumatatu nazigawa. Nikizihamishia kwenye lishe yenye seramu (maji ya damu) ya farasi asilimia 2, zinajipanga kwa mistari mizuri tu, lakini hadi siku ya tano mirija ya misuli ni ya kuhesabu. Kipimo cha protini kinaonyesha MyoD (protini inayowasha jeni za misuli) tele tangu siku ya kwanza, ila mayosini, protini ya msuli uliokomaa, hakuna. Je, kingamwili yangu ya kutambua mayosini imeharibika?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Usiagize kingamwili nyingine kwanza, ni ghali. Tunashuku zaidi Ijumaa zako.

Tuanze na MyoD, kwa sababu ndiyo iliyokupoteza njia. Mwaka 1987 Davis, Weintraub na Lassar walionyesha kwamba jeni ya MyoD pekee ikiingizwa katika fibroblasti (seli za tishu unganishi) za panya inaweza kuzigeuza kuwa seli za misuli. Tangu hapo wengi hudhani MyoD ikionekana, msuli umeshaanza. Sivyo. Mayoblasti, yaani seli changa ya misuli, inayoendelea kugawanyika huwa nayo tayari, ila haina mwenza. MyoD hushikana na protini za kundi E, mfano E12 na E47, ndipo jozi hiyo ikakaa kwenye DNA penye herufi CANNTG (N ni herufi yoyote). Seramu ikiwa nyingi, seli hutengeneza protini iitwayo Id, ambayo inazing'ang'ania hizo E na kuiacha MyoD mikono mitupu.

Ukipunguza seramu, Id inashuka. MyoD inapata mwenza, inawasha mayojenini (protini nyingine ya kuwasha jeni za misuli), na protini p21 nayo inapanda na kufunga breki ya mgawanyiko. Breki hiyo ikishafungwa barabara, seli haigawanyiki tena. Baada ya hapo mayojenini na protini MEF2 huwasha jeni za mayosini na kreatini kinase (kimeng'enya cha misuli), na protini za utando, Myomaker na Myomixer, huunganisha seli nyingi kuwa mrija mmoja wenye viini vingi.

Sasa rudi kwenye wikiendi yako. Sahani iliyokuwa nusu Ijumaa jioni huwa imefurika kufikia Jumapili. Seli zikibanana, zile zenye kipaji huanza kuungana zenyewe hata seramu ikiwepo, na zikishaacha kugawanyika hazitakuzalia tena. Jumatatu unapomwaga tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli, unazopanda upya ni zile goigoi. Rudia hivyo mara kumi, umekula mbegu ukapanda pumba! Hakuna dawa ya kuzirudisha. Toa kichupa cha zamani kwenye naitrojeni, chenye seli zilizogawanywa na kupandwa upya mara chache.

Safari hii zikuze kwenye DMEM (lishe ya kukuzia seli) yenye seramu ya ndama asilimia 10 hadi 20, nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5, na uzigawe zikijaza asilimia 50 hadi 60 ya sahani. Zisivuke 70. Kama hutakuwepo Jumapili, Ijumaa panda chache zaidi. Siku ya jaribio mambo hugeuka: subiri zigusane, asilimia 90 au zaidi, uzioshe kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) mara mbili ili seramu ya ndama isibaki, kisha weka ya farasi. Hapo ndipo wengi huharibu, wanaosha mara moja kwa haraka. Badilisha lishe kila siku moja au mbili, ukiitiririsha taratibu ukutani mwa sahani. Kuanzia siku ya tano mirija hujivuta na kubanduka kama ganda la rangi kuukuu. Kupaka sahani jelatini asilimia 0.1 husaidia.

Na kingamwili? Ipime kwa msuli wa paja la panya, pembeni ya sampuli zako. Pima pia mayojenini kati ya saa 24 na 48. Isipopanda, tatizo ni seli. Ikipanda, lakini mayosini isionekane hata kwenye msuli wa panya, hapo tutakubali kingamwili imekufa.

SWALI: Nimeona picha za ng'ombe wa Ubelgiji waliofura misuli kama wanyanyua vyuma. Ni dawa?
Mfugaji, Eldoret

JIBU: Ni jeni. Mwaka 1997 ilibainika kwamba ng'ombe hao, aina ya Belgian Blue, wamepotewa na herufi 11 za DNA katika jeni ya mayostatini, protini ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isizidi. Kizuizi kikikosekana, mayoblasti hugawanyika zaidi kabla ya kukomaa, hivyo ndama huzaliwa na nyuzi za misuli nyingi kuliko kawaida. Kabla hujatamani mbegu yake, ujue ndama hao mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Hakikisha una daktari wa mifugo anayefika usiku.